Popoo: Raha ya Wapendanao, Shubiri ya Kinywa

Imekaa kwenye sinia za harusi, kwenye vijaluba vya mabibi zetu na kwenye vibanda vya usiku kwa mamia ya miaka. Wanakemia nao wameisaga na kupima kilichomo. Mhariri wako anakuletea majibu, matamu na machungu.

Mpenzi msomaji, kila ukifika msimu wa harusi kuna swali halikosi kwenye meza yangu. Eti tambuu ina kitu ndani yake kinachowasha mapenzi, au ni maneno tu ya makungwi? Wengine wanakuja na swali hilo hilo kwa upande wa pili. Mume anatafuna kuanzia asubuhi hadi usiku, meno yamekuwa mekundu, na mke hajui aanzie wapi kumwambia. Mwezi huu nimeona tusijibu kwa hisia wala kwa hadithi za barazani. Tuiulize kemia.

Kwanza tusichanganye majina

Wengi wetu tukisema "tambuu" tunamaanisha ule mfungo wote unaoingia mdomoni. Kumbe ndani yake kuna vitu kadhaa, na kila kimoja kina tabia yake. Tambuu yenyewe ni jani la mtambuu, mmea unaotambaa ambao ni ndugu wa pilipili manga. Chokaa hupakwa juu ya jani. Katu hutoka kwenye magogo ya mti wa jamii ya mgunga. Wapo wanaoongeza iliki, karafuu, nazi au tumbaku.

Popoo sasa ndiyo moyo wa mfungo. Ni kokwa ya mpopoo, mti mrefu mwembamba wa ukoo mmoja na mnazi, ambao wataalamu wanauita Areca catechu. Jani linatoa harufu, lakini kinachokufanya urudi kesho ni popoo.

Na pwani yetu imerudi sana. Ibn Battuta alipotua Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa sahani yenye majani ya tambuu na popoo. Heshima ya mgeni ilianzia hapo. Na kuna jambo lingine ambalo nadhani vijana wengi hawalijui. Leo ukisema "uraibu" mtu anafikiria madawa ya kulevya. Ukifungua kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, neno hilo hilo linakupeleka kwenye vitu vya kutafuna: tambuu, popoo, chokaa, tumbaku. Yaani wazee wetu walikuwa na neno la kitu kinachomshika mtu asitake kukiacha, na kitu chenyewe kilikuwa kwenye kijaluba.

Maabara inafanya nini?

Hebu nikueleze kwa lugha ya jikoni. Popoo kavu inasagwa iwe unga. Unga unalowekwa kwenye kimiminika kinachovuta kemikali zinazotafutwa, kama vile maji ya moto yanavyovuta rangi ya majani ya chai. Kinachopatikana kinachujwa, kisha kinasukumwa kwa nguvu ndani ya mrija mwembamba uliojaa chembechembe. Humo kila kemikali inakwenda kwa mwendo wake. Moja inatangulia, nyingine inasuasua nyuma. Mwisho wa mrija kuna mashine inayopima uzito wa molekuli na kusema hii ni fulani, na ipo kiasi hiki.

Zinazotoka humo ziko za aina nyingi. Sehemu kubwa ya popoo ni wanga, nyuzinyuzi na mafuta, vitu vya kawaida kabisa. Kuna tanini kwa wingi, zile zinazokausha ulimi kama umelamba ndizi mbichi. Halafu kuna kikosi kidogo cha alkaloidi, jamii moja kikemia na nikotini ya tumbaku na kafeini ya kahawa. Zinazojulikana zaidi ni 4: arekolini, arekaidini, guvasini na guvakolini. Arekolini ilitenganishwa mara ya kwanza na mkemia Mjerumani, E. Jahns, mwaka 1888. Kwa hiyo si habari ya jana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulizipima zote 4 kwa mashine za kisasa. Katika kila gramu 1 ya popoo, guvasini ilikuwa kati ya miligramu 1.39 na 8.16. Arekolini ilikuwa 0.64 hadi 2.22, arekaidini 0.14 hadi 1.70, na guvakolini 0.17 hadi 0.99.

Usiziruke hizo namba, zinasema kitu. Ukijumlisha zote bado ni sehemu ndogo mno ya popoo nzima. Lakini angalia pengo la guvasini: kutoka popoo moja hadi nyingine inaweza kutofautiana karibu mara 6. Maana yake ni kwamba hata anayekufungia tambuu kwa mkono wake hajui amekupa kiasi gani. Anayekuuzia popoo kama dawa naye hajui. Hakuna kijiko cha kupimia.

Mbona mwili unachemka?

Haya, tuje kwenye lile swali la makungwi. Ukitafuna popoo, ndani ya dakika chache mate yanajaa, uso unapata joto, jasho jembamba linatoka, moyo unaenda mbio, akili inachangamka na unajisikia raha fulani. Mgeni wa mambo haya anaweza kupata kizunguzungu na kichefuchefu. Sasa niambie, mtu aliyekaa karibu na ampendaye kwa mara ya kwanza anajisikiaje? Si hivyo hivyo? Nadhani ndiyo sababu tambuu ilipewa nafasi yake kwenye usiku wa harusi.

Ila kazi hiyo inafanywa na arekolini. Inaingia kwenye vipokezi vile vile ambavyo mwili unatumia kuamrisha mate, jasho na mapigo ya moyo. Na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba arekolini inagusa pia vipokezi vya ubongo vinavyoguswa na nikotini, vile vinavyomfunga mvutaji kwenye sigara yake.

Chokaa nayo haikuwekwa kwa bahati. Inapunguza uasidi mdomoni, arekolini ikapenya kwa urahisi kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Papo hapo inabadilisha sehemu ya arekolini kuwa arekaidini, na guvakolini kuwa guvasini. Hawa wawili wana tabia ya kutuliza, kwa kuzuia kufyonzwa kwa kemikali ya ubongo inayopunguza wasiwasi. Ndiyo maana mtafunaji anakwambia tambuu inamchangamsha na kumtuliza kwa pamoja. Hadanganyi! Mabibi zetu hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko wao ulikuwa kemia kamili.

Tatizo ni kwamba raha hiyo haikai. Inapanda upesi na kushuka upesi, na mtu anafungiwa nyingine. Mpaka jioni zimefika 10.

Dawa? Ndiyo, lakini ngoja kidogo

Kuna wasomaji watakaoniambia popoo ni dawa tangu enzi. Ni kweli. Wachina wanaiita binlang na mpaka leo imo kwenye orodha yao rasmi ya dawa, hasa kwa minyoo na tumbo lililojaa. Wahindi wana supari pak, dawa ya Ayurveda ambayo kina mama hupewa baada ya kujifungua na kwa matatizo ya uchafu ukeni.

Na sayansi haikuwadharau. Arekolini kweli inatikisa minyoo. Kwa miaka mingi madaktari wa mifugo waliitumia kuwatoa mbwa tegu, hadi dawa iliyo bora na salama zaidi, praziquantel, ilipopatikana miaka ya 1970. Miaka ya 1980 na 1990 arekolini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, lakini nguvu yake ilikuwa fupi na usumbufu wake mwingi. Wanakemia waliochunguza guvasini na jamaa zake ndio waliofungua njia iliyozaa tiagabine, dawa ya kifafa inayotumika hospitalini.

Umeona mpangilio wake? Popoo ilionyesha njia, kisha watu wakatafuta kitu kingine kinachofanya kazi ile ile bila madhara yake. Hivyo ukiambiwa "ni dawa ya asili", uliza swali moja tu: kwa kipimo gani, na kwa siku ngapi? Mgonjwa wa minyoo anakunywa dawa siku moja au mbili. Mtafunaji anaiweka shavuni miaka 20.

Wanawake 5 wa Kenya

Sasa tufike kwenye uchungu, na hapa Afrika Mashariki ina ukurasa wake kwenye vitabu vya tiba duniani. Mwaka 1952 daktari aitwaye J. Schwartz alieleza ugonjwa wa kinywa aliouona kwa wanawake 5 wenye asili ya India waliokuwa wakiishi Kenya. Ngozi ya ndani ya midomo yao ilikuwa imekakamaa na vinywa havifunguki sawasawa. Aliupa jina refu la Kilatini lenye neno *idiopathica*, yaani ugonjwa ambao chanzo chake hakijulikani.

Leo chanzo kinajulikana, ni popoo. Kemia yake iko hivi. Arekolini inazichochea seli za shavu kutengeneza kolajeni kupita kiasi, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Tanini zinaifunga kolajeni hiyo isivunjwe kwa urahisi. Na popoo ina madini ya shaba kuliko karanga na kokwa nyingi tunazokula, na shaba inakipa nguvu kimeng'enya kinachozisuka nyuzi hizo ziwe kamba. Shavu lililokuwa laini linageuka gumu kama ngozi ya ngoma.

Mgonjwa anaanza kwa kuona pilipili inamuunguza kuliko zamani. Baadaye kijiko hakiingii vizuri. Baadaye hawezi kupiga mswaki meno ya nyuma, kupiga miayo, wala kumbusu mwenzake. Na kinachoniumiza zaidi ni hiki: hata akiacha kutafuna, kamba zile hazifunguki. Kuacha kunazuia zisiendelee, na daktari anaweza kusaidia kwa mazoezi ya taya, sindano au upasuaji, lakini shavu la zamani halirudi.

Si hilo tu. Utafiti mmoja wa India, uliochapishwa mwaka 1985, uliwafuatilia wagonjwa wa namna hii kwa miaka 17. Asilimia 7.6 kati yao walipata saratani ya kinywa.

Hukumu ya mwaka 2004

Kwa muda mrefu watu walijitetea kwamba ubaya wa tambuu ni tumbaku. Toa tumbaku, tafuna kwa raha zako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1985 lilihukumu tambuu yenye tumbaku. Lakini mwaka 2004 likatoa matokeo mapya: popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Imewekwa kwenye kundi la kwanza, kundi moja na sigara.

Inafanyaje? Wakati unatafuna, alkaloidi za popoo zinaweza kugeuka nitrosamini, kemikali zinazoharibu vinasaba vya seli. Tanini zikikutana na chokaa zinazalisha chembe kali za oksijeni zinazochoma ngozi ya kinywa. Ndiyo maana kuilaumu arekolini peke yake hakutoshi. Mwaka 2020 wataalamu wa IARC waliichunguza hiyo peke yake wakaiita "huenda inasababisha saratani", ngazi ya chini zaidi. Kinachoua ni kikosi kizima kikifanya kazi pamoja, siku baada ya siku, mahali pale pale.

Mwaka 2024 IARC ilitoa hesabu yake. Kati ya wagonjwa wapya 389,800 wa saratani ya kinywa duniani mwaka 2022, wagonjwa 120,200 waliipata kwa sababu ya popoo na tumbaku isiyo ya moshi. Karibu mmoja kwa kila watatu, jamani. Wanaotafuna popoo duniani wanakadiriwa kufika milioni 600, kwa hiyo hatuzungumzii kitu kidogo.

China, ambako popoo huuzwa kwenye pakiti kama pipi, ilipiga marufuku matangazo yake ya redio na televisheni mwaka 2021. Mwaka uliofuata mwimbaji wao Fu Song alifariki kwa saratani ya kinywa akiwa na miaka 36. Siku zake za mwisho alizitumia kuwaasa watu waiache popoo. India nako, majimbo yalianza mwaka 2012 kupiga marufuku gutka, ule unga wa popoo na tumbaku unaouzwa kwenye vipakiti. Vipakiti hivyo ni vya kuogopa kuliko tambuu ya bibi, kwa sababu mtoto wa shule anaweza kuvinunua na kuvificha mfukoni.

Yanayowahusu nyinyi wawili

Najua jarida letu linasomwa chumbani, kwa hiyo niseme wazi mambo mawili.

La kwanza ni mimba. Mwaka 2005 watafiti wa Barcelona walieleza kwamba walikuta arekolini kwenye kondo la nyuma na kwenye kinyesi cha kwanza cha watoto wachanga ambao mama zao walitafuna popoo wakiwa wajawazito. Yaani anachotafuna mama, mtoto naye anatafuna. Dada, kama una mimba au unaitafuta, popoo iweke kando, hata kama unaambiwa inaondoa kichefuchefu.

La pili ni lile la "kujikaza". Kama umewahi kushauriwa utumie popoo huko chini ili mume afurahi, ujue kinachofanya kazi ni tanini. Zinakausha, basi. Haziongezi nguvu ya misuli hata chembe. Ukavu unaleta michubuko, na michubuko inafungua mlango kwa magonjwa, pamoja na virusi vya Ukimwi. Misuli ya nyonga inakazwa kwa mazoezi, na hayo hayauzwi dukani.

Ukitaka kumwambia mwenzako

- Usimwambie mbele za watu, wala usianze na meno yake. Anza na afya: "Naona siku hizi pilipili inakuwasha sana, twende ukaangaliwe."
- Usitegemee ataacha kwa siku moja. Popoo inashika kama sigara. Akiwa mkali au kichwa kinamuuma siku za mwanzo, ni mwili unadai.
- Mpunguzieni hatua kwa hatua: tumbaku itoke kwanza, kisha popoo ipungue, kisha chokaa na vyote viishe. Mpe kitu kingine cha kutafuna, kama iliki au karafuu moja.
- Jueni saa yake ya hatari ni ipi. Baada ya chakula? Akiwa dereva wa usiku? Akikaa na rafiki fulani? Hapo ndipo penye kazi.

Mpeleke kwa daktari wa kinywa ukiona:

- kidonda mdomoni ambacho hakijapona kwa wiki 2;
- doa jeupe au jekundu kwenye shavu, ulimi au ufizi;
- mdomo hauwezi kupokea vidole vyake 3 vilivyosimama wima kati ya meno ya juu na ya chini;
- uvimbe shingoni, au ganzi ya ulimi.

Saratani ya kinywa ikiwahiwa inatibika vizuri. Ikichelewa inaondoka na taya, na mara nyingi na mwenye taya.

Sinia isikose kitu

Wapo watakaosema nataka kuua utamaduni. Wala! Heshima ya tambuu ilikuwa katika kumkaribisha mtu, kumketisha, kumfungia kitu kwa mkono wako na kumpa akiwa anakutazama. Hayo yote yanawezekana bila popoo. Muombe muuzaji akufungie jani na nazi, shamari, iliki na gulkandi ya waridi, bila popoo, bila tumbaku, bila chokaa. Ongeza asumini pembeni, halua na kahawa. Sinia itanukia vile vile.

Na kama wewe ndiye bi harusi wa mwezi ujao na umeshaagiziwa popoo, mwonyeshe shangazi ukurasa huu kabla sinia halijapangwa. Joto la usiku ule mtaliwasha nyinyi wenyewe. Arekolini hailali nanyi asubuhi, ila kinywa ni chenu kwa maisha yote.